Chembe yenye chaji kwenye uga wa sumaku: angalia pembe kabla ya fomula

Maswali ya chembe yenye chaji ndani ya uga sare wa sumaku huharibika mapema, pale mtu anapokimbilia r = mv/qB (r ni nusu kipenyo cha njia, m masi, v kasi, q chaji, B nguvu ya uga) kabla ya kuuliza chembe imeingia kwa pembe gani. Fomula hiyo inafaa tu velositi ikiwa pembe mraba na uga. Kama kuna pembe θ kati yao, tenganisha velositi: v sin θ ndiyo inayozunguka, v cos θ inasonga mbele bila kuguswa. Njia hujiviringa kama springi, na kila mzunguko husogea v cos θ × T, T ikiwa muda wa mzunguko mmoja.

Kani ya sumaku haifanyi kazi yoyote kwa sababu daima iko pembe mraba na mwendo. Inageuza mwelekeo tu. Jibu likionyesha kasi imeongezeka ndani ya uga wa sumaku peke yake, limekosewa. Zingatia pia kwamba T = 2πm/qB haina v: elektroni yenye kasi maradufu huchora duara lenye nusu kipenyo maradufu, kwa muda uleule. Mimi naliona hili kuwa jambo zuri kuliko yote katika mada hii.

Kuhusu mwelekeo, tumia kanuni ya mkono wa kushoto wa Fleming (kidole cha shahada ni uga, cha kati ni mkondo, gumba ni kani), ila kwa elektroni kidole cha kati kielekezwe kinyume cha mwendo wake.

Maabara, unapopima e/m (uwiano wa chaji ya elektroni kwa masi yake) kwa mwale wa elektroni ndani ya tyubu ya kioo yenye gesi kidogo, ndiko kwenye mitego mingi. Chukua koili mbili zenye mizunguko 130 kila moja na nusu kipenyo cha sm 15, zikiwa sm 15 mbali. Mkondo wa ampia 1.28 hutoa uga wa takriban militesla 1 katikati, na elektroni zilizochapushwa kwa volti 200 huchora duara lenye nusu kipenyo cha sm 4.8 hivi. Kisha e/m = 2V/(B²r²), V ikiwa volti ya kuchapusha, takriban 1.76 × 10¹¹ C/kg.

Mwale usipopinda kabisa ilhali mkondo upo, huenda koili zimeungwa kinyume, uga wa moja ukifuta wa nyingine. Ukijiviringa badala ya kufunga duara, zungusha tyubu taratibu mpaka ncha zikutane. Usipime r kabla ya hapo. Pima ukingo wa nje wa mwale, kwa kuwa elektroni zilizogonga gesi zimepoteza nishati na huzunguka kwa ndani. Weka kioo nyuma ya rula, usome pale mwale na taswira yake vinapolingana. Usidharau hatua hiyo: r imepandishwa kipeo cha pili, hivyo kosa la asilimia 5 kwenye r huwa karibu asilimia 10 kwenye jibu.

Uga wa Dunia, ambao unaweza kufika militesla 0.05 au zaidi kidogo, nao huingilia. Koili zikiwa zimezimwa na hakuna chuma karibu, tumia dira kulaza mhimili wa koili (mstari unaopita katikati ya zote mbili) mashariki–magharibi. Hapo Dunia haiongezi wala kupunguza uga kwenye mhimili.

Usitegemee usomaji mmoja. Shikilia mkondo palepale, badili volti, kisha chora r² dhidi ya V. Mteremko ni 2m/(eB²). Mstari usipopita kwenye sifuri, kagua kwanza sifuri ya voltimita, halafu namna ulivyosoma rula.