Jina la Kiwelisi kwa binti: lisikilize kwanza mdomoni mwa bibi yake

Dada, umesema mume wako ni mtu wa Wales, mnatarajia binti, na yeye ameleta majina matatu: Rhiannon, Llinos na Mali. Hofu yako ni kwamba mama yako aliyeko Tanga atashindwa kumwita mjukuu wake. Mimi nimeolewa huku huku, naishi Cardiff, na binti yetu anaitwa Eleri, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa urefu.

Kwanza usitishwe na maandishi. Kiwelisi kinatisha machoni, lakini sikioni kiko karibu nasi kuliko unavyodhani. Mkazo wake kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, vilevile kama Kiswahili. Ndiyo maana mama yangu, aliposikia Eleri kwenye simu mara ya kwanza, alilitamka sawasawa bila kufundishwa: e-LE-ri. Ni jina la mto ulioko Ceredigion, magharibi mwa Wales, na la mtakatifu wa zamani, na yeye kwake likawa jina la kawaida tu tangu siku ile. Tena herufi zao zina nidhamu. C ni k siku zote. F moja husomwa v, na ff ndiyo f yetu. W ikikaa kama irabu ni u. Herufi s na i zikifuatwa na irabu husomwa sh, kwa hiyo Siân ni Shaan. Ch ni kh ya kheri, kama wanavyoitamka wazee wa pwani. Dd ni dh ya dhahabu: mama yako wa Tanga atasema jina la Heledd vizuri kabisa, ila shangazi wa bara anayesema "zahabu" atakuitia Helezi.

Kigumu kweli ni ll, na hapo ndipo Llinos linaponipa wasiwasi. Ulimi unaweka pale pa l, halafu unapuliza hewa pembeni bila kutoa sauti. Sisi hatuna kitu kama hicho. Maana yake ni nzuri, ni ndege mdogo mwimbaji, lakini mama yako atasema Linosi, na mama mkwe wako ataisikia tofauti kila mara. Kama mume wako analipenda sana, liwe jina la kati.

Angalia pia mwisho wa jina. Jina linaloishia na konsonanti sisi hulitilia irabu tu: Seren atakuwa Sereni, Carys atakuwa Karisi, Catrin atakuwa Katrini. Si kosa, ila mtoto atakuwa na majina mawili, la huku na la nyumbani. Yanayoishia na irabu hayabadiliki: Eleri, Mari, Lowri, Eira, Nia, Efa (hilo hutamkwa Eva).

Halafu kuna jambo ambalo mume wako pengine halijui. Kwetu jina hili halitakuwa la mtoto peke yake. Wewe ndiye utakuwa Mama Fulani, mumeo Baba Fulani, na mama yako mtaani watamwita Bibi Fulani mpaka siku zake za mwisho. Lijaribu kwa sauti na maneno hayo mbele yake. Mimi nililijaribu "Mama Gwenllian" na nikaona mabega ya wifi yangu yakipanda. "Mama Eleri" lilitoka lenyewe.

Sasa hadithi za majina, na hapa naomba msome pamoja. Majina mengi mazuri ya kike ya Wales yanatoka kwenye Mabinogi, masimulizi yao ya kale, na wanawake wa humo wameteseka. Branwen aliolewa Ireland, akafanywa mtumwa jikoni na wakwe zake, mwisho akafa kwa uchungu wa moyo. Blodeuwedd aliumbwa kwa maua, akamsaliti mumewe, akageuzwa bundi. Huku bundi ni ndege tu, lakini wewe unajua akitua juu ya paa Tanga watu wanasema nini. Mimi nisingempa mtoto jina hilo hata kwa dawa. Olwen, wa hadithi nyingine ya kale ya Wales, ni tofauti: kila alipokanyaga palichipua maua meupe.

Rhiannon nalo linahitaji kuelezwa vizuri. Mtoto wake mchanga alitoweka usiku, na wanawake waliokuwa zamu, kwa kuogopa adhabu, wakampaka damu ya vitoto vya mbwa na kumzulia kwamba amemla mwanawe. Akahukumiwa kukaa langoni, kusimulia kisa chake kwa kila mgeni na kujitolea kumbeba mgongoni. Alivumilia, mtoto akarudishwa akiwa hai, na yeye akasafishwa jina. Wengine huliona ni jina la msiba. Mimi naliona ni jina la mwanamke aliyesingiziwa na haki ikamfuata, na ningempa binti yangu kwa fahari. Mama yako atasema Rianoni, na hiyo inatosha.

Mali kwao ni Molly tu, halina neno. Lakini kama mna mpango wa kumleta mtoto Tanzania kwa likizo au shule, atakuwa anaulizwa "Mali ya nani?" kutoka asubuhi mpaka jioni, na siku ya kuposwa utani utazidi. Hilo ningelikataa bila kuzunguka. Kama mnataka fupi, Nia lipo, Wales linahesabika kuwa lao na kwetu lina maana njema.

Na mkiambiwa na ndugu kwamba majina ya Wales ni mageni, wakumbushe kina Gladys na Winifrida waliojaa parokiani. Gladys ni Gwladys. Winifrida ni Gwenfrewi, mtakatifu wa karne ya 7, ambaye chemchemi yake ipo Treffynnon, kaskazini mwa Wales, na mahujaji bado wanaiendea.

Msiandike kwa tahajia ya nje. Bronwen ndiyo ya kike, kwa sababu -wen ni ya kike na -wyn ni ya kiume. Bronwyn utaiona sana Marekani na Australia, lakini bibi wa upande wa baba ataishangaa. Kwenye kuandikisha mna siku 42 tangu mtoto azaliwe, na Wales mnaweza kuomba cheti cha lugha mbili, Kiingereza na Kiwelisi. Kiombeni.

Kama ukoo wenu ni Jones au Davies, ambao wamejaa kila mtaa, jina la kwanza lazima libebe kazi zaidi. Zamani walitumia ferch, ambayo ni binti kabisa: Gwenllian ferch Llywelyn, aliyezaliwa 1282, ni sawa na sisi kusema Gwenllian binti Llywelyn. Wapo wazazi wanaoirudisha siku hizi. Muulize mumeo.

Kwa hiyo kati ya matatu yenu mimi nachagua Rhiannon, na jina la kati liwe la mama yako. Mpigie leo, mwambie alitamke, usimsahihishe, kisha utuambie alivyolisema.