Kampuni ya kahawa inaahidi darasa? Ulizeni kwanza linajengwa kwa pesa ya nani

Mkuu, umeuliza kama kijiji chenu huko Mbozi kikubali kuiuzia kahawa kampuni inayoahidi kujenga darasa na kukarabati zahanati. Nilikuwa karani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, wilaya hiyohiyo, tangu tukiwa Mkoa wa Mbeya kabla Songwe haijawa mkoa mwaka 2016, kwa hiyo nakujibu kwa yale yaliyopita mezani kwangu.

Darasa msilikatae. Ila mjue pesa yake imetoka wapi.

Kahawa ikiuzwa kwa cheti cha Fairtrade, yaani biashara ya haki kwa mkulima, mnunuzi hulipa bei, halafu anaongeza senti 20 za dola kwa kila ratili, yaani karibu nusu kilo. Piga hesabu: kontena moja la magunia 320 ya kilo 60 linaleta nyongeza ya zaidi ya dola 8,400. Hiyo ni pesa ya wakulima. Matumizi yake hupangwa na mkutano mkuu wa wanachama, na angalau senti 5 kati ya hizo 20 zinatakiwa zirudi kwenye uzalishaji na ubora. Sasa mjanja anaweza kujenga darasa kwa pesa hiyohiyo, akabandika kibao chenye nembo ya kampuni, nanyi mkamchinjia mbuzi.

Kwetu ilitokea, kampuni siitaji. Siku ya mkutano mama mmoja mjane alisimama na kitabu chake cha mauzo mkononi, akamuuliza ofisa: "Mwanangu, hili darasa mmetupa au tumejijengea?" Ofisa akaanza habari za ushirikiano na maendeleo endelevu. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akarudia swali lake vilevile. Mwenyekiti akasema muda umekwisha. Mwaka uliofuata wanachama waligoma kujadili ajenda yoyote mpaka wasomewe hesabu za ile nyongeza, na zikasomwa.

Ukiniuliza msaada gani niliona umeinua familia, wa kwanza ni mtambo wa kumenya wa pamoja, ile CPU. Zamani kila nyumba ilimenya kwa mashine yake ya mkono, ikavundika kwa makisio yake, ikaanika hata chini kwenye turubai. Yote ikikusanywa gunia moja, ya mvivu inaharibu ya mwenye bidii na daraja linashuka. Kwenye mtambo unaleta matunda mekundu siku uliyochuma, yanamwagwa majini, yanayoelea yanaondolewa mbele ya macho yako, na kahawa inakaukia kwenye vichanja. Hapo hata bei mnaweza kuisemea. Lakini mtambo unakula maji na dizeli, na kama kampuni imeuleta kwa mkopo, makato yatatoka kwenye kila kilo yako. Muulize yanaisha lini, na yakiisha mtambo unakuwa wa nani.

Cha pili ni miche. Mbimba hapo kuna kituo cha TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, wanayo miche inayostahimili chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu ya majani. Mkulima akibadilisha shamba anapunguza gharama ya kupuliza dawa, ila atasubiri kama miaka mitatu ndipo achume. Kampuni inayogawa miche bila kufikiria mkulima atakula nini miaka hiyo, inagawa picha za ripoti tu.

Ndiyo maana kwangu jambo kubwa kuliko yote ni pesa kufika kwa wakati. Mavuno ni katikati ya mwaka, lakini sare na madaftari ni Januari, na mbolea inatakiwa mvua ikiwepo. Nyumbani hakuna kitu. Mlanguzi anajua, anakuja na noti mfukoni kununua kahawa ikiwa bado kijani mtini, kwa bei anayotaka yeye. Kampuni ikiweza kupitisha mbolea kwenye AMCOS kwa mkopo usio na riba ya kuumiza, au kusaidia vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa viwe na mtaji wa Januari, huyo mlanguzi atahamia kijiji kingine. Hakuna kibao wala utepe wa kukata, kwa hiyo wachache wanaokimbilia.

Na akina mama hao msiwaache nje ya mkataba. Wao ndio wanachuma, wanachambua, wanaanika. Malipo yakitoka, mzee yuko mjini Mlowo siku ya tatu hajarudi. Uanachama na akaunti viwe kwa majina ya wote wawili. Mtabishiwa sana, hasa na wazee wa boma, bishaneni tu.

Kabla ya kusaini chochote cha zaidi ya msimu mmoja, mpelekeeni ofisa ushirika wa wilaya hapo Vwawa ausome. Na nakala ibaki kwenu, kwa Kiswahili.