Nilimpa mdogo wangu figo moja: je, bado naweza kulima na kuzaa?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, mkulima wa alizeti wilayani Kongwa. Miaka mitatu iliyopita nilimtolea mdogo wangu wa kiume figo, naye anaendelea vizuri. Tangu hapo wakwe zangu wananikataza kushika jembe, kula nyama na kubeba mimba nyingine, wakisema nimeshakuwa mgonjwa. Mwenyewe sisikii maumivu yoyote. Nifuate lipi?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Dada yetu, wewe si mgonjwa. Uliruhusiwa kutoa figo kwa sababu vipimo vilionyesha kuwa una afya njema, na figo iliyobaki hutanuka na kuongeza kazi yake, kiasi kwamba wachangiaji wengi hubaki na takribani asilimia 70 ya uwezo waliokuwa nao walipokuwa na figo mbili. Uwezo huo unatosha. Wapo hata watu waliozaliwa na figo moja, wakaja kulijua hilo ukubwani walipopigwa ultrasaundi kwa sababu nyingine kabisa.

Kwa hiyo lima. Jua la kwetu ni kali, basi nenda shamba na maji, unywe kabla kiu haijakushika. Mkojo ukiwa na rangi nzito, ujue maji hayajatosha. Ukishikwa na kuhara au kutapika, usingoje siku mbili nyumbani.

Nyama ule kama wanavyokula wengine, bila kupita kiasi. Cha kupunguza ni chumvi, ambayo yote kwa siku isizidi gramu 5, yaani isifike kijiko cha chai kilichojaa. Tukumbuke pia kwamba magadi tunayotia kwenye mlenda yana sodiamu kama chumvi, na kwamba maji ya baadhi ya visima vyetu huwa na chumvi tayari.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko jembe ni dawa za maumivu. Baada ya palizi mgongo huuma, na watu wengi hukimbilia duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni bila kuulizwa lolote. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na hatari huongezeka mwili ukiwa umepungukiwa maji, jambo ambalo ndilo hali ya mkulima aliyetoka shamba. Sema “nina figo moja” kabla hujapokea dawa yoyote, na kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamoli kwa kipimo kilichoelekezwa. Tahadhari hiyo hiyo iwe kwa dawa za miti shamba, ambazo baadhi yake huharibu figo.

Kuhusu mimba, wanawake wengi waliotoa figo wamezaa salama. Hata hivyo, wakwe zako hawakukosea kabisa kuwa na hofu: utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa presha ya ujauzito, pamoja na ile inayoambatana na protini kwenye mkojo na inayoweza kuleta kifafa cha mimba, iliwapata wachangiaji katika mimba 11 kati ya kila 100, ilhali kwa wasiotoa ni mimba 5. Muone daktari kabla ya kushika mimba, uanze kliniki mapema, na ujifungulie hospitali.

Kutosikia maumivu hakutoshi kuwa ushahidi, kwa maana figo huweza kudhoofika kwa muda mrefu bila dalili. Angalau mara moja kwa mwaka pima presha, kreatinini kwenye damu (taka ambayo figo huichuja) na protini kwenye mkojo. Hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo tangu mwaka 2018, hivyo wataalamu wa kukufuatilia wapo karibu. Lakini mkojo ukikatika, au ukipata maumivu makali ya ubavu pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa hakuna figo ya pili ya kushika kazi.

Siku ya kliniki nenda na mume wako, amsikie daktari mwenyewe na kumuuliza yote yanayosemwa nyumbani, ili naye aweze kuwaeleza wazazi wake.