Unataka kidani cha zamani chenye picha ya mtu? Angalia picha kwanza, dhahabu baadaye

Naulizwa sana kuhusu vile vidani, bruchi na pete za zamani zenye kapicha kadogo ka mtu kalikochorwa kwa mkono, hasa na dada zetu walioko Uingereza wanaozikuta kwenye masoko ya vitu vya kale wikendi, na swali la kwanza karibu kila mara ni karati ngapi, gramu ngapi. Naelewa, sisi kwa sonara tumezoea kuanza na mizani. Ila hapa mizani haikusaidii kitu, bruchi ya shaba iliyopakwa dhahabu inaweza kuuzwa ghali kuliko kidani cha dhahabu tupu kama ule uso umechorwa na fundi kweli kweli.

Kwa hiyo nunua lenzi, ile ya masonara inayokuza mara 10, bei yake ndogo tu. Iweke juu ya shavu la huyo mtu kwenye picha. Kama imechorwa kwa mkono utaona vidoto na vimistari vya brashi vinafuata mviringo wa uso, hapa vimejaa pale vimepungua, vikifika kwenye nywele vinarefuka, yaani unaona kabisa mkono wa mtu ulivyokuwa unatembea. Kama imechapishwa utaona vidoto vimepangwa safu safu kama gwaride, kuanzia usoni mpaka nyuma ya kichwa. Kuna muuzaji aliniapia kidani chake ni cha 1790, kuweka lenzi tu, gwaride hilo. Nikamrudishia kwa heshima nikaenda zangu.

Na jina lililoandikwa mbele lisikuvuruge. Richard Cosway, aliyekuwa anawachorea wakubwa wa London, ni nadra sana kusaini mbele ya picha, kwa hiyo ukikuta "Cosway" kubwa imeandikwa pale pembeni shtuka. Mwenzake George Engleheart aliandika kwenye daftari lake picha 4,853 kati ya 1775 na 1813, za kwake orijino zipo nyingi, feki nazo zipo.

Zinazofekiwa zaidi siku hizi ni zile zenye jicho moja tu. Ufasheni wake ulishika baada ya 1785, Prince of Wales, yule aliyekuja kuwa Mfalme George IV wa Uingereza, alimpenda Maria Fitzherbert, mjane Mkatoliki, akamtumia picha ya jicho lake mwenyewe pamoja na posa, na Desemba mwaka huohuo wakaoana kwa siri. Uzuri wake ni kwamba ukivaa jicho watu hawajui la nani, unajua wewe tu. Mimi nazipenda kuliko zote, lakini kwa sababu bei imepanda watu wanachukua fremu ya zamani wanatia jicho jipya, kwa hiyo kagua kingo za kioo kama pamefunguliwa karibuni, na geuza nyuma, mara nyingi kuna nywele za mwenyewe zimesukwa chini ya kioo, kazi ya ajabu sana ile.

Ukishanunua, tafadhali usioshe! Nyingi ni rangi za maji. Nicholas Hilliard, mchoraji wa Malkia Elizabeth I, aliwaambia wenzake wavae hariri wakati wa kuchora ili nyuzi za nguo zisidondoke kwenye kazi, na wasiongee juu ya picha mate yasije yakarukia. Sasa kama tone la mate lilimtia hofu fundi mwenyewe, wewe na sabuni na mswaki unakwenda wapi? Kitambaa kikavu kwenye fremu basi, na usikiache dirishani kwenye jua, rangi ya mashavu ndiyo inaondoka mwanzo.

Sasa hili ndilo zito. Zamani walichora kwenye ngozi ya ndama iliyobandikwa kwenye karata, lakini mnamo 1700 Rosalba Carriera wa Venice alianza kutumia pembe za ndovu na wengine wakamfuata, maana pembe ikikatwa nyembamba inapitisha mwanga na uso unang'aa. Na karne ya 19 pembe nyingi zilitokea huku kwetu, zikipakiwa Zanzibar, sisi tunajua zilifikaje pwani na nani alizibeba mabegani. Kujua kama yako ni ya pembe, elekeza picha kwenye mwanga uone kama kuna mistari myembamba inayokaribia kwenda sambamba. Uingereza, kwa sheria ya 2018 iliyoanza kazi Juni 2022, picha ya pembe inauzwa kama ni ya kabla ya 1918, haizidi sentimita za mraba 320 na imesajiliwa, kwa hiyo dai uthibitisho wa usajili kabla hujatoa hela. Kuileta Mombasa au Dar kwenye begi usithubutu, Kenya imechoma tani 105 za pembe mwaka 2016, afisa wa uwanja wa ndege hatakusikiliza ukimweleza habari za sanaa.

Kama unataka cha kuvaa harusini nyumbani, tafuta cha enameli, rangi iliyochomwa tanuruni juu ya dhahabu au shaba kama alivyofanya Jean Petitot wa Geneva kwa wafalme wa Uingereza na Ufaransa. Haipauki, haina pembe. Wewe kagua tu kingo kama hazijabanduka.