Ripoti inasema bwawa litazuia mafuriko, wakazi tujibu nini?

SWALI: Habari mtaalamu, kuna kampuni imeomba kibali cha kujenga nyumba kwenye eneo la wazi la hekta 10 hapo juu yetu, ni majani na miti tu hapajawahi kujengwa kitu. Wakazi tunapinga na tumeshakusanya saini nyingi. Sasa ripoti yao ya maji ya mvua inasema watachimba bwawa na "maji yatakayotoka hayatazidi yanayotoka sasa". Sisi tuko bondeni. Hiyo kauli ni ya kweli au ni changa la macho?

JIBU: Habari ndugu. Inaweza ikawa kweli kabisa na bado maji yakawaingilia ndani, ndo shida yake. Hiyo sentensi mara nyingi inaongelea kasi tu, yaani lita ngapi zinatoka kwa sekunde mvua ikiwa imekolea, haisemi chochote kuhusu jumla ya maji yatakayoshuka kwenu.

Twende na namba zenu, kwa makadirio. Sisi mainjinia tuna fomula ya haraka haraka, unachukua hekta unazidisha na nguvu ya mvua kwa milimita kwa saa, unazidisha na sehemu ya maji yanayotiririka halafu unagawa kwa 360, unapata mita za ujazo kwa sekunde. Hekta 10 na mvua ya milimita 36 kwa saa, kama maji yote yangetiririka ni mita 1 ya ujazo kila sekunde. Ila ardhi ya majani inaachia kidogo, tuseme 0.2, kwahiyo zinatoka lita 200 kwa sekunde. Weka mapaa, lami na sementi, wastani unapanda labda hadi 0.6, hapo ni lita 600. Bwawa linapokea hizo 600 na kutoa 200 kupitia tundu dogo, kampuni inakwambia unaona, hakuna kilichobadilika.

Sasa angalia jumla. Mvua ya milimita 50 kwenye hekta 10 ni mita za ujazo 5,000. Kwa makadirio yaleyale eneo la sasa linaachia 1,000, nyumba zikishajengwa ni 3,000. Zile 2,000 za ziada hazijayeyuka, zitatoka tu taratibu kwa masaa mengi, na kama huko chini mto umeshajaa basi zinaufikia ukiwa bado haujashuka. Na mvua ya pili ikipiga kabla maji ya bwawa hayajaisha kutoka? Nafasi ya kupokea haipo, maji yanapita juu ya ukingo. Waulizeni bwawa likijaa linachukua muda gani kubaki nusu, mainjinia wengi wanataka isizidi saa 24. Kama hiyo namba haimo kwenye ripoti, hapo mmeshapata hoja ya kwanza.

Kingine fungueni kurasa za nyuma kabisa, huko kwenye viambatisho ambako watu hawafiki, mtafute kipimo cha udongo kunywa maji. Wanachimba shimo wanajaza maji wanapima yanashuka kwa kasi gani. Tazameni tarehe. Kikipimwa kiangazi, maji ya chini ya ardhi yakiwa mbali, udongo utaonekana unakunywa vizuri kuliko hali halisi ya msimu wa mvua. Tazameni pia mashimo yalichimbwa wapi, maana bwawa kawaida linawekwa upande wa chini na unakuta vipimo vimefanywa kule juu kwenye udongo wa kichanga unaokunywa haraka. Halafu magreda yakishapita udongo unagandamizwa, hata bustani zinazoonekana za kijani kwenye mchoro hazitakunywa kama majani ya leo.

Na mkikuta kwenye ripoti neno "mvua ya miaka 100" lisiwatulize. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka wa mvua kubwa hivyo kunyesha, na kwamba itanyesha walau mara moja ndani ya miaka 30 inafika kama asilimia 26.

Kuhusu saini, sawa zinaonyesha mko wengi, ila anayepitia maombi hawezi kujibu saini kitaalamu, na hoja za nyumba zetu zitashuka bei au tutapoteza mandhari sehemu nyingi hazina uzito. Andikeni ukurasa mmoja tu wa maswali yenye namba ya ukurasa wa ripoti. Mojawapo liwe nani atasafisha lile tundu la bwawa nyumba zikishauzwa zote na kampuni imeondoka, maana mfuko mmoja wa plastiki na majani makavu vinatosha kuliziba, na mimi hapo ndo huwa nakuta ripoti zina sentensi moja tu. Ambatanisheni picha za maji yanavyotuama sasa hivi, zenye tarehe.

Wakijibu yote hayo vizuri kwa namba, basi ndugu hoja ya maji imeisha, msiing'ang'anie, hamieni kwenye barabara na uwezo wa paipu za majitaka.