Usilipeleke birika hilo kuchovywa fedha upya

Usilipeleke. Umeandika kwamba umenunua birika la kahawa la kale lenye rangi ya fedha, kwamba wekundu wa shaba umeanza kujitokeza kwenye kingo za kitako na juu ya mdomo, kwamba fundi amekuahidi kulichovya fedha upya hadi liwe kama jipya, na sasa unataka kujua ni bakuli gani la sukari, jagi gani la maziwa na sinia gani yatakayolifaa mezani, pamoja na namna ya kuvitunza vyote. Sinia na bakuli vinaweza kusubiri. Lisiloweza kusubiri ni hilo la fundi, kwa sababu ushauri uliopewa niliwahi kupewa mimi, karibu kwa maneno yaleyale, nikautii, na hakuna kitu katika mkusanyiko wangu wote kilichonigharimu kama utiifu huo.

Birika langu lilikuwa refu, lenye shingo nyembamba na tumbo pana, mkono wa mti mweusi, na upande mmoja lilikuwa na herufi za mwenyewe wa kwanza zilizochorwa ndani ya ngao ndogo. Shaba ilionekana mgongoni mwa mdomo na kuzunguka kitako, yaani mahali ambapo vitambaa vya vizazi kadhaa vilikuwa vimepita zaidi. Muuzaji wa vitu vya kale niliyemwamini alilitazama kwa muda mfupi, akasema kwamba shaba ikishaonekana chombo kimekufa, tena akaongeza kwamba kwa kuwa halikuwa na chapa yoyote chini yake, hapakuwa na cha kupoteza. Yeye ndiye aliyenielekeza kwa fundi. Fundi naye hakulipindua hata kidogo. Alilisugua kwa mashine mpaka mikwaruzo yote ikatoka, akalitumbukiza katika beseni lake, na lilipotoka liling'aa kuanzia kitako hadi kitufe cha kifuniko.

Nilifurahi sana, na furaha hiyo ilidumu hadi nilipolipeleka kwa mtu anayevijua vyombo hivi ili anisaidie kukadiria umri wake. Aliligeuza huku na huku akitafuta mshono ambao haukuonekana tena, akaomba picha nilizokuwa nimezipiga kabla ya kazi ile, akazitazama kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama birika lenyewe. Kisha akanieleza kwamba chombo kilichokuwa kwenye picha kilikuwa kazi ya Sheffield ya mwishoni mwa karne ya 18, fedha iliyounganishwa na shaba kwa moto, na kwamba kilichokuwa mezani mbele yetu kilikuwa kimebaki na umbo lake tu. Ngao ilikuwa imesuguliwa hadi herufi zikawa vivuli. Hakuna fundi duniani anayeweza kuurudisha uso ule, kwa sababu ulikwisha kutoka ukiwa vumbi kwenye gurudumu la mashine.

Ili uelewe kwa nini jambo hili ni zito, inakubidi ujue vyombo hivyo vilitengenezwaje. Mwanzoni mwa miaka ya 1740, mfua visu wa mji wa Sheffield, Uingereza, aitwaye Thomas Boulsover, aligundua kwamba fedha na shaba zikibanwa pamoja na kupashwa moto hushikamana, na kwamba zikipitishwa baadaye kwenye roli, yaani magurudumu ya kubania bamba, hutanuka kwa pamoja kana kwamba ni metali moja. Boulsover mwenyewe alitengeneza hasa vifungo na vijisanduku. Waliomfuata, wakiwamo Joseph Hancock wa Sheffield na Matthew Boulton wa Birmingham, waliipanua kazi hiyo hadi kwenye vyombo vikubwa vya mezani. Fundi wa wakati huo hakuanza na birika la shaba akalipaka fedha. Alianza na bamba ambalo tayari lilikuwa na fedha juu yake, na kila mkunjo, kila kiungo na kila ukingo ulimlazimu kutafuta njia ya kuificha shaba iliyokuwa katikati ya bamba. Njia hizo ndizo tunazozitafuta sisi wakusanyaji, nazo ndizo ambazo beseni la kuchovyea huzifunika.

Mwaka 1840, George na Henry Elkington wa Birmingham walipata hataza ya kuchovya fedha kwa umeme, na baada ya hapo mbinu ya zamani iliachwa haraka. Uchovyaji wa umeme huja mwishoni, chombo kikiwa kimekamilika, na fedha yake huenea kila mahali kwa usawa: juu ya mishono, juu ya lehemu, ndani ya mistari ya nakshi. Fedha hiyo ni fedha tupu, isiyochanganywa, na weupe wake ni mkali, ilhali ile ya zamani kwa kawaida ilikuwa aloi yenye shaba kidogo, hivyo mng'ao wake ni mtulivu zaidi. Kwa hiyo anayekuambia kwamba chombo cha zamani kikichovywa kwa umeme kinarudi katika hali yake ya kwanza anakudanganya, ajue au asijue. Ni sawa na kukwangua maandishi ya kitabu cha kale ili karatasi iwe nyeupe.

Sasa lichukue birika lako, ukae nalo karibu na dirisha lenye mwanga wa mchana, uwe na lenzi ya kukuzia. Anza na mwili, upande ule ulioshikiliwa mkono. Bamba lilikunjwa likawa duara na ncha zake zikaunganishwa, kwa hiyo ukiona mstari mwembamba unaoshuka kutoka juu hadi chini, pengine wenye meno yanayoingiliana, umekwisha kupata ushahidi mkubwa. Mdomo mara nyingi ulitengenezwa kwa vipande viwili vilivyolehemiwa, na mishono yake hukaa juu na chini. Kisha pitisha ukucha polepole kwenye kingo za kitako na za kifuniko, kwa upande wa ndani. Bamba likikatwa, shaba huonekana, kwa hiyo mafundi waliupinda ukingo au waliuzungushia waya wa fedha; ukucha ukikwama kwenye kijibonde kidogo kisichoonekana kwa macho, hapo ndipo ukingo ulipokunjiwa. Ikiwa kuna herufi au nembo iliyochorwa, ipulizie pumzi polepole. Nakshi ya kina ingeifikia shaba, na kwa sababu hiyo mafundi walipachika kipande cha fedha nene mahali pa kuchora. Ukungu wa pumzi mara nyingi huuonyesha mpaka wa kipande hicho kabla haujatoweka. Mwisho mulika ndani. Ukiona rangi ya kijivu isiyong'aa, hiyo ni bati, kwa sababu mengi ya mabirika haya yalipakwa bati kwa ndani.

Iangalie pia rangi ya mahali palipolika. Mapambo ya kingo, kama vile maua na magamba, yalipigwa kwa fedha nyembamba sana kisha yakajazwa kwa nyuma mchanganyiko wa risasi na bati. Yakilika, kinachojitokeza hapo si wekundu bali ukijivu. Mchanganyiko huo huyeyuka kwa joto dogo sana ukilinganisha na shaba au fedha, na fundi asiyejua akiuelekezea moto wa kulehemu, pambo zima humomonyoka machoni pake. Nimeyaona mabirika yaliyopotea kwa njia hiyo pia, na wenyewe waliambiwa kwamba chombo kilikuwa kibovu tangu mwanzo.

Kuhusu chapa, ambayo ndiyo hoja niliyobebeshwa na yule muuzaji, naomba usiikubali kutoka kwa mtu yeyote. Vyombo vingi vya kazi ya zamani havina chapa kabisa. Ni sheria ya mwaka 1784 iliyowaruhusu watengenezaji wa Sheffield na maeneo ya jirani kupiga jina na alama baada ya kuvisajili, na hata baada ya hapo si wote waliofanya hivyo. Kinyume chake, maneno ya Kiingereza yanayotaja Sheffield yakiwa yamepigwa vizuri chini ya chombo, kwa kawaida chombo hicho ni cha baadaye na kimechovywa kwa umeme. Herufi EPNS zinamaanisha kwamba chombo kilichovywa fedha kwa umeme, na kwamba chini ya fedha hiyo kuna aloi ya shaba, nikeli na zinki. Simba anayetembea, akiwa pamoja na nanga ya Birmingham au taji la Sheffield, ni chapa ya fedha kamili ya Uingereza. Mtu anayejipatia riziki kwa kuuza vitu vya kale anawajibika kuyajua haya. Asipoyajua, anyamaze, akiyajua na bado akampeleka mteja kwenye mashine, basi amefanya ukatili kwa chombo ambacho kimevuka zaidi ya miaka 200 bila kudhuriwa na mtu.

Sisemi kwamba kuchovya ni kosa kila mara. Birika la EPNS la karne ya 20 ambalo fedha yake imekwisha linaweza kuchovywa upya bila dhambi yoyote, kwa kuwa ndivyo lilivyozaliwa. Kinachotakiwa ni kwamba chombo kisiguswe na mashine, wala dawa ya kuchovya, wala moto, kabla hakijatambuliwa. Na kikitambuliwa kuwa cha kazi ya zamani, shaba inayochungulia iachwe ichungulie. Wakusanyaji wanaoijua kazi hii huupenda wekundu huo wa joto kwenye kingo, na mimi nimekuja kuuona mzuri kuliko mng'ao wowote wa fedha mpya. Kwa usafi wa kawaida, maji ya vuguvugu yenye sabuni laini na kitambaa cha pamba vinatosha, mkono wa mti usilowekwe, na chombo kikaushwe mara moja. Weusi unaobaki kwenye mashimo ya nakshi usiufukuze; ndio unaoifanya nakshi isomeke.

Kwa vile unakusudia kulitumia mezani, mulika tena ndani kabla ya kumimina chochote. Bati likiwa limelika na shaba iko wazi, kahawa, ambayo ina asidi, haifai kukaa humo, na lehemu ya zamani mara nyingi ina risasi, ambayo ni sumu. Liweke mezani kama pambo la katikati na kahawa uimimine kutoka chombo kingine. Bakuli la sukari na jagi la maziwa vichague kwa umbo na kwa umri unaokaribiana na wa birika. Usivichague kwa kulinganisha mng'ao, kwa maana tamaa ya kutaka vyote ving'ae sawasawa ndiyo inayowapeleka watu kwa mchovyaji.

Leo hii mwambie fundi kwamba umeahirisha, na kama tayari analo, lifuate ulichukue. Halafu piga picha za mshono ulio nyuma ya mkono, ukingo wa kitako kwa ndani, sehemu yenye herufi, chini ya kitako, na ndani ya birika kifuniko kikiwa wazi. Uziweke hapa, nami nitazitazama moja baada ya nyingine.