Wamama wako ni 60 au 120?

Siku niliyotetea kazi yangu ya mwisho wa masomo hapa Bukavu, mwalimu mmoja wa juri alifungua jedwali la tatu, akavua miwani, akaniuliza: “Wamama wako ni 60 au 120?” Nikajibu 60. “Basi hii 120 hapa chini ya jedwali ni akina nani?” Sikuwa na neno. Nyuma yangu shangazi, aliyekuja na kitenge kipya na ndoo ya Fanta za sherehe, alikohoa.

Nilichofanya ni hiki. Nilihoji akina mama 60 juu ya dalili za hatari za ujauzito, wakapewa mazungumzo ya afya, kisha nikawahoji tena walewale. Mwanzoni 30 walizijua dalili hizo. Baadaye wakawa 38. Nikachukua 30 kwa 60 na 38 kwa 60, nikazitia kwenye testi ya kai-mraba, ile tuliyozoea kuiita khi-deux, p ikatoka 0.14: yaani kama mafunzo hayakufanya kitu, tofauti kubwa kama ile au zaidi ingetokea kwa bahati tupu mara 14 katika 100, na desturi inataka iwe chini ya 5 katika 100. Nikaandika kwa masikitiko kwamba mafunzo hayakuleta tofauti. Namba hizi nimezinyoosha kidogo ili zikae vizuri kwenye karatasi, lakini kosa ni lilelile.

Kai-mraba ya kawaida inaamini kila mtu amehesabiwa mara moja. Mimi kila mama nilimhesabu mara mbili, nikamfanya watu wawili wasiojuana. Bahati yangu ilikuwa moja: fishi ya kwanza na ya pili, yaani karatasi za majibu, zilibeba namba ileile ya mama. Usiku ule nikazipanga mbili mbili kitandani. Wamama 28 walijua mara zote mbili. Ishirini hawakujua mara zote mbili. Kumi hawakujua kwanza, wakajua baadaye. Na wawili walijua kwanza, mara ya pili wakakosea.

Testi iliyotakiwa pale ni ya McNemar, na uzuri wake ni kwamba haiwaangalii wale 48 ambao hawakubadilika. Inawaangalia 12 tu waliobadilika. Kama mazungumzo hayakufanya kitu, hao 12 wangegawanyika kama sarafu inayorushwa, karibu sita kwa sita. Kupata kumi kwa wawili, au mgawanyiko mkali kuliko huo upande wowote, kwa bahati tupu hutokea kama mara 4 katika 100: p ni 0.039. Wamama ni walewale, majibu ni yaleyale, ila hitimisho limegeuka kichwa chini. Na hata hapo usikimbilie kushangilia, maana sikuwa na kundi la kulinganisha. Labda walisikia redioni, labda walishazoea maswali yangu.

Tangu siku hiyo nimefanya kazi ya data za afya miaka mingi, na wadogo zangu wa kitivo cha utabibu na wa shule za uuguzi hunijia na flashi mkononi: “Mkubwa, nifanye testi gani?” Mara nyingi wamechelewa. Testi huchaguliwa siku unapochora fishi ya kukusanyia data, si juma la kutetea. Nimeshaletewa fishi mia mbili za kabla na baada zisizo na namba ya kuziunganisha. Kwa hizo hakuna programu duniani itakayokusaidia. Aliyezileta nilimpa chai tu.

Maswali ya kujiuliza ni machache. Unachopima ni ndiyo na hapana, ni namba, au ni muda mpaka jambo litokee? Makundi ni mangapi? Na watu ni walewale au ni tofauti? Ukilinganisha ndiyo na hapana kwa watu tofauti, ni kai-mraba, au testi ya Fisher kama namba ni ndogo. Kwa watu walewale, McNemar. Ukilinganisha wastani wa namba kwa makundi mawili ya watu tofauti, ni testi ya Student. Kwa watu walewale, Student ya jozi. Makundi ya watu tofauti yakiwa matatu na kuendelea, ni ANOVA. Namba zikiwa zimeinama sana upande mmoja, Mann-Whitney inashika nafasi ya Student, Wilcoxon nafasi ya Student ya jozi, Kruskal-Wallis nafasi ya ANOVA. Hayo yako katika kila kitabu, napita. (Na jamani, testi ya Student si testi ya wanafunzi! Student ni jina la kujificha la William Gosset, aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin na kuichapisha mwaka 1908.)

Panaponiuma mimi ni kwenye namba zilizoinama, kwa sababu watu hudhani shida ni ya hesabu. Chukua siku za kulazwa baada ya kujifungua kwa upasuaji. Wamama tisa kutoka rejista: siku 4, 5, 5, 5, 6, 6, 7, 31, 48. Wastani ni siku 13. Tafuta mama aliyekaa siku 13, au hata kumi na kitu, hayupo. Mediani, yaani yule aliye katikati ukiwapanga kwa foleni, ni siku 6, na hiyo ndiyo inayofanana na wodi uliyoiona. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, ni 15.6. Toa 15.6 kwenye 13, unapata siku pungufu ya sifuri. Hakuna mtu aliyelazwa siku pungufu ya sifuri. Basi kumbuka ujanja huu: kitu kisichoweza kushuka chini ya sifuri, kama mkengeuko wake unakaribia au unapita wastani, namba zako zimeinama, na wastani peke yake utakudanganya.

Mwanafunzi mwenye bidii hapo atasema: sawa, naandika mediani, nafanya Mann-Whitney, nimemaliza. Subiri kwanza. Nenda kamuulize muuguzi mkuu kuhusu wale wawili wa siku 31 na 48. Kila mtu aliyepita hospitali zetu anajua jibu: walishapona, walisubiri familia ilipe faktire. Kwa hiyo safu yako ya “siku za kulazwa” imebeba vitu viwili, siku za kidonda na siku za deni. Ukilinganisha dawa mbili za kuzuia uambukizo kwa safu hiyo, unaweza kugundua kwa p nzuri kabisa kwamba kundi moja lilikuwa maskini kuliko jingine. Testi haitakwambia. Dawa yake ni kwenye fishi: weka tarehe daktari aliporuhusu mgonjwa, na mbali nayo tarehe alipotoka getini. Tarehe mbili tu. Na siku za deni usizitupe, zina kazi yake, pengine ni kazi bora kuliko uliyokuja kufanya.

Kuhusu kupima kama namba zimekaa kama kengele, nyingi katikati na chache pembeni: wengi huikimbilia testi ya Shapiro-Wilk kama vile ni askari wa barabarani, ikisema pita wanapita. Kwa wagonjwa 12 ina nguvu ndogo, itapitisha mengi yaliyoinama. Kwa wagonjwa 2,000 itakataa hata kilema kidogo kisichomdhuru mtu, wakati ambapo Student kwa watu wengi hivyo ingevumilia. Chora histogramu, ule mchoro wa nguzo, ya kila kundi, uiangalie kwa macho yako. Hesabu ya vimelea vya malaria kwenye damu, kwa mfano, huinama sana. Ukichukua logi (logariti) yake mara nyingi hutulia, na Student inarudi kazini.

Sasa kishawishi chenyewe. Dada mmoja alinipigia simu usiku, sauti ya kunong’ona kama anayetaka kukopa. Alikuwa na vidonda vya upasuaji vilivyosafishwa kwa njia mbili: njia ya kwanza vilioza 5 kati ya 9, njia ya pili 1 kati ya 10. Kai-mraba bila marekebisho ilimpa p ya 0.033. Fisher ikampa 0.057. “Mkubwa, naweza kuweka ile ya kwanza?”

Hapana. Kanuni tunayofundishwa ni kwamba kai-mraba haifai ikiwa namba zinazotarajiwa ziko chini ya 5, na neno ni zinazotarajiwa, si zile ulizoziona. Unazipata kwa kuzidisha jumla ya mstari kwa jumla ya safu, ukigawa kwa jumla ya wote. Kwake ni 9 mara 6 kugawa kwa 19, yaani 2.8. Kwa hiyo ni Fisher. Lakini hata asingejua kanuni hiyo, swali lake lenyewe lilikuwa na kasoro: alikuwa ameshaona majibu yote mawili ndipo akataka kuchagua. Nilimwambia aandike Fisher, aandike 5 kwa 9 na 1 kwa 10 wazi wazi, aseme wagonjwa walikuwa wachache mno. Kati ya 0.033 na 0.057 hakuna mto wa kuvuka kwa mtumbwi. Habari iliyo ndani ya vidonda 19 ni ileile. Juri lilimuuliza maswali mengine, hilo halikuguswa.

Kama unataka kuona jinsi watu wanavyofunga mlango huo mapema, tazama karibu na kwetu. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa Agosti 2018, utafiti wa PALM ulilinganisha dawa nne, na Profesa Muyembe na INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, walikuwa mbele. Waliamua kabla ya mgonjwa wa kwanza: tutahesabu kifo ndani ya siku 28, na dawa nyingine tutazilinganisha na moja, ZMapp. Ndiyo au hapana, siku ileile kwa kila mtu. Waliopata ZMapp walikuwa 169, wakafa 84, asilimia 49.7. Waliopata MAb114, dawa iliyotokana na kingamwili za mtu aliyenusurika Ebola ya Kikwit ya 1995, walikuwa 174, wakafa 61, asilimia 35.1. Tofauti ni pointi 14.6. Agosti 2019 ugawaji ule wa dawa nne ulisimamishwa, kwa kufuata kanuni za kuchungulia data katikati ya utafiti, zilizowekwa mapema. Hakuna aliyekaa usiku na testi mbili akitafuta iliyo tamu. Na angalia wanavyoandika: hesabu ya watu, asilimia, tofauti. P inakuja nyuma. Kwenye kazi nyingi ninazoletewa p iko peke yake, kama kofia isiyo na kichwa.

Mambo mengine nitayataja kwa haraka. Usikate namba kuwa ndiyo na hapana bila sababu. Hemoglobini chini ya 11 kwa mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza au ya mwisho ni anemia, yaani upungufu wa damu, sawa, ila ukishakata, mama wa 10.8 na mama wa 6 wanaingia gunia moja, na testi yako inapoteza nguvu. Hapa Bukavu, mita kama 1,500 juu ya bahari, WHO inataka pia kipimo kirekebishwe kwa ajili ya mwinuko kabla ya kukata. Wengi husahau, kisha wanaripoti anemia pungufu kuliko ilivyo.

Ukichukua vituo sita vya afya, vitatu vimefundishwa na vitatu havijafundishwa, wagonjwa 40 kila kituo, usiniambie una watu 240 huru. Wagonjwa wa kituo kimoja wanafanana: muuguzi mmoja, stoki moja ya dawa, mtaa mmoja. Hapo mwone mtu wa takwimu kabla, na ukiweza ongeza vituo badala ya kuongeza wagonjwa.

Na wale waliopotea. Kwenye kifua kikuu matibabu ya kawaida ni miezi 6, na katika mkoa wetu watu huhama, wengine usiku mmoja. Aliyeonekana mwezi wa tatu kisha akahama si mfu, si mzima, na si wa kufutwa. Tunachojua ni kwamba mpaka mwezi wa tatu alikuwa hai. Njia ya Kaplan-Meier, inayopima muda mpaka jambo litokee, ilitengenezwa kwa watu kama huyo, na kulinganisha makundi mawili hapo ni testi ya logi-ranki. Inahitaji tarehe ya mwisho aliyoonekana, na hiyo tena ni kazi ya fishi. Ila kama wanaohama ni wale walio hoi zaidi, hata hiyo itakupotosha.

Siku hizi anayenijia kabla ya kushuka tereni kukusanya data namuomba anichoree majedwali yake matupu, yale atakayoyaonyesha juri, bila namba hata moja. Juma lililopita kijana mmoja alikaa kwenye meza yangu akachora jedwali la siku za kulazwa, kalamu ikasimama hewani. Fishi yake ilikuwa na tarehe ya kutoka moja tu, na nakala 300 zilikuwa zimeshatolewa fotokopi pale Nyawera. Tukazigawana, tukaongeza mstari kwa kalamu na rula, moja moja. Tulifika kama 180 umeme ukakatika. Zilizobaki alizimalizia nyumbani kwa tochi ya simu.